Raspberry Pi 4 ya msikitini: picha inakatika na kurudi yenyewe. Wataalamu wa bodi njooni

Mwanamakorora (#1)
Wakuu, salaam. Tuna Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inayoonyesha nyakati za swala kwenye TV ya inchi 43 msikitini kwetu hapa Tanga. Bodi imekaa kwenye kabati la amplifaya chumba cha pembeni, TV iko ukutani mbele. Kati yao kuna waya wa HDMI wa mita 10 uliopita juu ya dari.

Mwanzoni ilikuwa safi kabisa. Sasa kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili tatu, TV inaandika haina signali, kisha picha inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Mara nyingine kabla haijakatika naona vinukta vyeupe vinametameta. Bodi yenyewe haizimi, nikiingia kwa SSH (kwa mbali kupitia mtandao) naikuta iko hewani muda wote. Mfumo ni Raspberry Pi OS toleo la Bookworm, 1080p kwa 60 Hz. Jioni ndiyo balaa zaidi.

Fundi mmoja kaniambia ninunue bodi mpya. Kabla sijaenda kuwachangisha waumini nataka kujua ugonjwa wenyewe ni upi. Nawasilisha.

Chuma_Ulete (#2)
Niko paleee kwenye benchi na kahawa yangu. Wataalamu wanakuja.

Fundi Kipara (#3)
Umeme mdogo. Hapo hata hakuna mjadala.

Pi 4 inataka chaja ya 5.1 V, ampia 3. Watu wanachomeka chaja ya simu halafu wanakuja humu kulia. Voltiji ikishuka chini ya 4.63 bodi inaandika alama. Piga amri hii utuletee jibu:

vcgencmd get_throttled

Ukipata 0x0 nitanyamaza.

nyaya_na_ndimu (#4)
Fundi Kipara umeruka neno kubwa kuliko yote kwenye maelezo yake: MITA KUMI. Na vinukta vyeupe je? Voltiji ikishuka bodi inapunguza mwendo au inajiwasha upya. Vinukta vinavyometameta ni data inayofika TV ikiwa imechafuka njiani. Mimi naanza na waya.

Chuma_Ulete (#5)
Mkuu #4, HDMI ni dijitali. Moja na sifuri. Ama picha ipo ama haipo, waya wa buku kumi na wa laki ni yale yale. Hizo habari za waya bora ni za wauza duka.

nyaya_na_ndimu (#6)
Kahawa imekupanda kichwani. Moja na sifuri zinapita kwenye shaba, na shaba haijui dijitali ni nini.

1080p ya 60 Hz ina saa ya pikseli (mdundo wa kutuma pikseli) ya 148.5 MHz. Kila pikseli inapita kama biti 10 kwenye kila jozi ya waya, kwa hiyo kila jozi inabeba gigabiti 1.485 kwa sekunde, na jozi za data ziko tatu. Kadiri waya unavyorefuka, kingo za mawimbi zinalegea, mpaka TV inashindwa kutofautisha moja na sifuri. Ikikosea chache unaona vinukta. Ikikosea nyingi inapoteza mshiko kabisa, inazima kioo na kuanza kutafuta upya. Hizo ndizo sekunde zake mbili tatu.

Halafu tazama maandishi yaliyopigwa kwenye ganda la huo waya. Waya wa daraja la kawaida la HDMI ulipimwa kwa 74.25 MHz tu, yaani 720p au 1080i. Ule wa daraja la kasi ulipimwa kwa 340 MHz. Ukiupa wa kwanza 1080p ya 60 unaweza kukubali mita mbili, ukagoma mita kumi.

Mwanamakorora (#7)
Nimepata majibu.

throttled=0x50000

Waya una maandishi ya mauzo tu, "4K" na "dhahabu". Daraja halijaandikwa.

Chuma_Ulete (#8)
0x50000 ni joto hilo. Kabati la amplifaya, Tanga, mchana. Weka feni.

Fundi Kipara (#9)
Si joto. Hiyo 5 ni biti mbili: ya 16, voltiji iliwahi kushuka tangu bodi iwashwe, na ya 18, prosesa iliwahi kubanwa. Biti ya 16 ni ya voltiji, joto peke yake haliiwashi. Nilisema.

Sasa Mwanamakorora, chaja yako ni ipi?

Mwanamakorora (#10)
Imeandikwa 5 V 3 A, ila ni ya kuchomeka waya wa USB kando. Waya tulinunua mjini, mwembamba, una mita moja na ushee.

Shangazi Voltiji (#11)
Mwanangu, chaja inaweza kuwa nzima kabisa, mwizi akawa waya. Nyingi za hizo nyembamba ndani zina geji 28 (namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba), ambayo ina ukinzani wa kama ohm 0.21 kwa mita. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo mita moja ya waya ni ohm 0.43 hivi. Bodi ikivuta ampia moja tu umeshapoteza volti 0.43. Ukiondoka na 5.0 unafika na 4.57, tayari uko chini ya ile 4.63 ya Fundi Kipara. Waya huo huo ungekuwa wa geji 24 ungepoteza kama 0.17.

Ndiyo maana chaja zinazotengenezwa kwa ajili ya bodi hizi zinatoa 5.1 na waya wake haung'oki. Ile 0.1 ni ya kufidia njia.

Na tafadhali usije ukaichomeka kwenye USB ya TV. USB 2 kwa kawaida ni nusu ampia. Nimeziona nyingi zimewekwa hivyo madukani.

Mpemba_wa_Wete (#12)
Naomba niulize tofauti. Amesema jioni ndiyo balaa. Jioni msikitini kinawashwa nini?

Mwanamakorora (#13)
Taa za bomba zile ndefu, feni za dari zote, na amplifaya kwa ajili ya adhana ya Magharibi. Ijumaa mchana pia inasumbua.

Fundi Kipara (#14)
Jioni umeme wa mtaa mzima unashuka. Bado ni voltiji.

Shangazi Voltiji (#15)
Hapana baba, hapo nakupinga. Chaja hizi zimeandikwa 100 hadi 240. Mtaa ukishuka mpaka 190 chaja haihisi chochote, upande wa pili unatoka ule ule. Tatizo la waya mwembamba nililoeleza lipo asubuhi na jioni sawasawa. Kama jioni ni tofauti, kuna kitu kingine.

Mpemba_wa_Wete (#16)
Ndipo nilipokuwa naelekea. Taa za bomba za choki na stata zinatoa cheche kila zinapowashwa, na swichi ya feni nayo hivyo hivyo. Waya wa HDMI umelala juu ya dari, jirani na nyaya za taa na feni kwa mita kadhaa. Kila cheche inarusha kelele, na huo waya unaidaka kama antena.

La pili ni ethi, waya wa ardhini. TV ina plagi ya pini mbili au tatu? Amplifaya je? Kama kimoja kimeshikwa ardhini na kingine kinaelea, ganda la HDMI ndilo linalokuwa daraja kati yao. Pima volti za AC kati ya ganda la HDMI upande wa TV na ethi ya soketi, waya ukiwa umechomolewa. TV za pini mbili zinaweza kusoma karibu nusu ya umeme wa ukutani kwa sababu ya kapasita za kichujio ndani yake. Mkondo wake ni mdogo, hauui mtu, lakini unakung'ata kidogo kidoleni na unatosha kuivuruga chipu. Chomeka HDMI kwanza, washa baadaye.

Wa_Githurai (#17)
Sasa wadau. Mimi huku Nairobi nilikuwa na shida inafanana na hii, lakini kwa BeagleBone Black, bodi nyingine ndogo. Yangu haikuzima, picha ilikuwa inaruka kando kama imesukumwa, halafu inarudi. Nikinakili faili kubwa kwenda eMMC (hifadhi ya ndani ya bodi), inacheza dansi kabisa.

Kwenye dmesg (kumbukumbu za keneli, moyo wa mfumo) kulikuwa na mistari ya tilcdc, dereva wa skrini, ikilalamika FIFO underflow, yaani data kuchelewa kufika. AM335x, chipu ya bodi hiyo, haina kumbukumbu ya video ya kando. Kidhibiti cha skrini kinasoma kila fremu kutoka kwa RAM hiyo hiyo ya DDR3, na njia yenyewe ni ya biti 16 pekee. Piga hesabu: 1280 kwa 720, baiti 4 kwa pikseli, mara 60, ni megabaiti 221 kwa sekunde, bila kupumzika. Prosesa na eMMC zikija kwa fujo, kidhibiti kinakosa data kwa wakati na picha inateleza. Niliweka biti 16 za rangi, ikawa megabaiti 110, ikatulia sana. Kuna pia rejista za kupandisha kipaumbele cha skrini mbele ya RAM, hizo ndizo dawa yenyewe kama unaweza kubadilisha keneli.

Kwa hivyo mimi ningeangalia RAM kabla ya waya.

Bwana Keneli (#18)
Wa_Githurai kesi yako ni nzuri lakini ni ugonjwa mwingine. Kidhibiti kikikosa data, saa na ishara za mlinganyo zinaendelea kutoka kama kawaida. TV inaendelea kuona mawimbi halali, ila picha imechafuka au imesogea. Ndiyo maana yako iliruka bila kuzima. Ya mleta mada TV inaandika haina signali, maana yake saa yenyewe imepotea au TV imedhani imechomolewa.

Na Pi 4 ina RAM ya LPDDR4 ya biti 32. 1080p ya baiti 4 kwa 60 Hz ni karibu megabaiti 498, kwa hiyo bado kuna nafasi tele.

Wa_Githurai (#19)
Sawa mwalimu. Lakini asitupe hilo wazo, aangalie dmesg tu. Ni bure.

Kijana wa Config (#20)
Mbona mnazunguka? Fungua config.txt, faili la mipangilio ya bodi, weka hizi, mimi zilinisaidia:

hdmi_force_hotplug=1
hdmi_group=1
hdmi_mode=16
config_hdmi_boost=11

Boost inaongeza nguvu ya mawimbi kwa waya mrefu. Kesi imefungwa.

Bwana Keneli (#21)
Haijafungwa. config_hdmi_boost ni ya Pi 3 kurudi nyuma. Pi 4 inaipuuza. Hata huko nyuma thamani ya kawaida ni 5, na 11 ni ya dharura.

hdmi_group na hdmi_mode nazo, tangu toleo la Bullseye la 2021 dereva wa skrini ni KMS wa keneli, na hasomi hizo. Unaweza kuandika hdmi_mode=16 mpaka kidole kiote sugu. Aliye kwenye Bookworm anatakiwa kwenda /boot/firmware/cmdline.txt na kuongeza neno hili ndani ya mstari ule ule mmoja, bila kubonyeza Enter:

video=HDMI-A-1:1280x720@60D

HDMI-A-1 ni tundu lililo karibu na USB-C ya umeme. Herufi D inalazimisha towe libaki limewashwa hata TV ikinyamaza.

Kijana wa Config (#22)
Mimi niko Pi 3 na Buster, toleo la zamani. Kwangu zinafanya kazi.

Bwana Keneli (#23)
Ndiyo, kwako.

nyaya_na_ndimu (#24)
Hiyo 720p ni kipimo kizuri cha nadharia yangu. Saa inashuka kutoka 148.5 hadi 74.25 MHz, nusu kamili. Kama tatizo ni waya, itatulia. Ukipenda kubaki na herufi kali jaribu 1920x1080@30D, saa yake ni hiyo hiyo 74.25. Kwa skrini ya nyakati za swala fremu 30 ni nyingi mno, hakuna kinachokimbia pale.

Mkaa_Ughaibuni (#25)
Nipo Leicester. Kwa wanaodhani HDMI haina uhusiano na dunia ya nje, nina Pi 4 na monita ya 2560x1440. Kila nikiweka rezolusheni hiyo Wi-Fi ya 2.4 inakufa, nikirudi 1080p inafufuka. Saa ya pikseli ya 1440p kwa 60 ni 241.5 MHz, mara kumi ni gigahezi 2.415. Chaneli ya 1 ya Wi-Fi imekaa 2.412. Yaani waya wa picha unapiga kelele katikati ya redio. Nilihamia 5 GHz nikapumzika.

Ninachosema: kama HDMI inatoa kelele namna hiyo, basi inazipokea pia. Mpemba hajakosea.

Chuma_Ulete (#26)
Kwa hiyo adhana inaingia kwenye TV? Hii kali.

Mpemba_wa_Wete (#27)
Adhana haina neno. Transfoma ya amplifaya ndiyo ina neno, pale inapowashwa.

BintiMatrah (#28)
Assalaam alaykum kutoka Maskati. Kazi yangu ni skrini za matangazo, za hospitali na maduka makubwa, na bodi ndogo kama hizi ninazo nyingi. Swali moja tu kwa mleta mada: huo waya wa mita 10 umenyooka kutoka bodi hadi TV, au kuna kitu katikati? Busta, kiungo, adapta?

Mwanamakorora (#29)
Wa alaykum salaam dada. Upande wa Pi kuna kiadapta kifupi cha micro HDMI kwenda HDMI kubwa. Upande wa TV kuna kiboksi kidogo, muuzaji alisema ni busta, cha kuimarisha signali. Hakina chaja yake.

BintiMatrah (#30)
Kama hakina chaja yake, kinakula wapi? Kinakula volti 5 za pini ya 18 ya HDMI, zinazotoka kwenye bodi yako. Kiwango cha HDMI kinakitaka chanzo kitoe angalau miliampia 55, basi. Kuna mabusta yanayotaka zaidi ya hapo, na nyaya za fiba pia. Zinafanya kazi siku nzuri. Siku bodi inapovuta umeme zaidi, ile 5 inalegea, busta linajizima na kuamka, na TV inaona bodi imechomolewa.

Halafu hizo volti 5 za HDMI zinatoka kwenye umeme ule ule anaousema Shangazi. Kwa hiyo Fundi Kipara na nyaya_na_ndimu wanaweza kuwa wanagombania ugonjwa mmoja bila kujua.

Na kiadapta cha micro HDMI sikipendi. Waya mzito wa mita 10 unaning'inia kwenye kiplagi cha kucha, feni ikitikisa dari na chenyewe kinatikisika. Badala yake tumia waya mfupi wa micro HDMI moja kwa moja.

Mimi binafsi ningehamisha bodi nyuma ya TV, waya wa nusu mita, na kupeleka mtandao kwa kebo ya Cat6. Mtandao unavuka mita 10 bila kulalamika. Picha ndiyo haipendi safari.

Fundi Kipara (#31)
Dada umenipatanisha na huyu wa ndimu bila ridhaa yangu.

Afisa_Dodoma (#32)
Nasoma kimyakimya lakini hili lazima niseme. Ofisini kwetu monita ilikuwa inazima sekunde chache kila mtu akiinuka kwenye kiti. Tulidhani utani. Ni vile viti vya kuzunguka vyenye silinda ya gesi. Ukiinuka vinatoa cheche ya umeme tuli, kelele yake inaingia kwenye waya wa picha. Tuliweka vipete vya feraiti (vya kumeza kelele) kwenye waya tukabadilisha na waya wenyewe, ikapungua sana. Kiangazi huku hewa kavu ndiyo inazidi.

Mwanamakorora (#33)
Msikitini hatukalii viti vya gesi mkuu 😂

Chuma_Ulete (#34)
Mna zulia lakini.

Shangazi Voltiji (#35)
Tanga na unyevu ule? Umeme tuli unataka hewa kavu. Muacheni afisa na Dodoma yake. Ila vipete vya feraiti ni bei ya chai, avae kimoja kila upande.

Bwana Keneli (#36)
Tunabishana bila ushahidi. Kuna njia ya kuzitenganisha hizi nadharia mbili kubwa. TV ikidhani imechomolewa, pini ya 19 ya HDMI, inayosema TV imechomekwa, inashuka na keneli inapata taarifa. Waya ukichafua data tu, keneli haijui lolote, inaendelea kutuma. Kwa hiyo acha hii iandike kwenye faili:

while true; do echo "$(date +%T) $(cat /sys/class/drm/card?-HDMI-A-1/status)"; sleep 0.5; done >> /home/pi/hali.txt

Picha ikikatika angalia saa yako, kisha tazama faili. Kama kuna disconnected, tunamfuata BintiMatrah. Kama ni connected mwanzo mwisho, tunamfuata nyaya_na_ndimu.

nyaya_na_ndimu (#37)
Bwana Keneli hapo umeteleza. Mpigo wa pini ya 19 unaweza kuwa wa milisekunde 100 tu. Wewe unachungulia kila nusu sekunde, utaukosa na utasema haupo. Atumie:

udevadm monitor --kernel --property --subsystem-match=drm

Hiyo inaandika kila tukio linapotokea, haisubiri.

Bwana Keneli (#38)
Kweli, hiyo ni bora. Mwanamakorora tumia ya kwake.

Mwanamakorora (#39)
Shukrani wote. Nimebadilisha chaja, nimeweka ya 5.1 V yenye waya wake. get_throttled sasa inasema 0x0 tangu asubuhi. Nimeanza kurekodi.

Fundi Kipara (#40)
Subirini muone.

Mwanamakorora (#41)
Jioni imekatika tena. Mara chache kuliko kawaida, lakini imekatika. 0x0 bado.

nyaya_na_ndimu (#42)
Fundi, uliahidi kunyamaza kwenye 0x0.

Fundi Kipara (#43)
Imepungua au haijapungua? Nijibuni hilo kwanza.

Mwanamakorora (#44)
Nimeweka 1080p ya 30 kama alivyosema #24. Siku za kawaida imetulia kabisa, vinukta vyeupe sijaviona tena. Nikajua tumemaliza. Ijumaa, amplifaya ilipowashwa kwa ajili ya khutba, ikazima. Baadaye feni zilipozimwa, tena.

Rekodi ya udevadm: ile ya amplifaya ina tukio, imeandika HOTPLUG=1, yaani keneli imeona TV kama imechomolewa au kuchomekwa. Ile ya feni haina kitu, keneli haikuona chochote. Nimerudia kulinganisha saa, ni hivyo.

TV ni ya pini mbili. Amplifaya ni ya pini tatu. Dmesg haina malalamiko yoyote ya underflow, kwa ajili ya Wa_Githurai.

Bwana Keneli (#45)
Basi una vitu viwili. Vya tukio na visivyo na tukio haviwezi kuwa na njia moja.

Mpemba_wa_Wete (#46)
Vinaweza. Chanzo kimoja, njia mbili. Amplifaya ikiwashwa ganda la HDMI linaruka kwa sababu ya ethi, pini ya 19 inasoma upuuzi. Feni ikizimwa cheche inaingia kwenye jozi za data. Zote ni kelele za umeme wa jengo. Pima hizo volti nilizosema kabla ya kununua kitu kingine.

BintiMatrah (#47)
Au busta ndilo linaloyumba kwenye yote mawili. Likizimika nusunusu data inapotea bila pini ya 19 kuguswa. Liondoe kabisa siku moja uone, sasa saa imeshuka hadi 74.25 huenda huo waya haulihitaji tena. Hicho ni kipimo cha bure kuliko vyote, sijui kwa nini tunakizunguka.

Shangazi Voltiji (#48)
Mimi nawashangaa mnaomsahau TV. Saketi yake ya kupokea nayo inazeeka. Ukipata TV nyingine ya kuazima jioni moja, chomeka waya ule ule.

Mwanamakorora (#49)
Busta nitalitoa leo baada ya Isha. Kuhamisha bodi nyuma ya TV kamati imesema isubiri, kwa sababu ukuta umepakwa rangi juzi na mzee wa kamati hataki kusikia neno drili. Mita ya kupimia naazima kwa jirani.

Fundi Kipara (#50)
Mkanda wa pande mbili unabeba Pi. Haihitaji drili. Mwambieni mzee.

Mkaa_Ughaibuni (#51)
Na akihamisha asisahau kwamba ile Pi 4 ya mwanzo ya 2019 ina kasoro ya vipinga kwenye USB-C, inakataa nyaya za kompyuta mpakato zenye chipu ndani. Asishangae bodi ikigoma kuwaka akafungua uzi mwingine.

Kwaya_Kuu (#52)
Wakuu samahani kwa kudandia. Sisi kanisani projekta inageuka rangi ya waridi katikati ya ibada, nyimbo zinasomeka lakini kila kitu ni waridi. Nayo ni HDMI, waya umepita chini ya zulia. Hiyo ni voltiji au ni waya?

Chuma_Ulete (#53)
Fungua uzi wako mkuu, huu bado haujaisha. Nikusogezee benchi?

nyaya_na_ndimu (#54)
Usimfukuze. Kwaya_Kuu, ni waridi kioo kizima au upande mmoja? Na ukiugusa waya pale watu wanapoukanyaga, rangi inabadilika?